Bao kwa Simu ya Upepo

Vijana wangu, nimesikia mnataka kununua redio za kusemeshana, ili mkienda kuvua kwa starehe huko mikokoni msipoteane. Nimesikia pia mmeshapendezwa na zile ndogo nyeusi zinazoning'inia kiunoni. Sikatazi. Ila mie ujana wangu wote uliishia kwenye redio za namna hiyo, tangu enzi za Mwingereza, wakati redio moja ilitaka wanaume wawili wa kuibeba na wa tatu wa kuwapa pole. Basi kabla hamjatoa fedha zenu, nitegeeni sikio.

Wakati ule tukiziita simu za upepo. Aliyenifundisha kazi ni Fundi Matimbwa, mtu wa Ruaruke. Vita vikuu vya pili vilimchukua kijana vikampeleka Burma, na huko akabebeshwa redio mgongoni. "Wenzangu walirudi na nishani," alikuwa akisema, "mie nilirudi na masikio." Na kweli, alikuwa na masikio. Ukimletea redio mbovu hakuifungua. Aliiwasha, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua, akakwambia kilichoharibika kabla hajashika bisibisi. Nimefanya kazi na mafundi wengi baada yake, wengine wenye vyeti vya kutundikwa ukutani, na sijaona mwingine wa namna ile.

Karakana yetu ilikuwa Kibiti, kwenye banda nyuma ya duka la Bwana Jivani. Tukitengeneza redio za wapima ardhi, za mashua za wanunuzi wa boriti, na za Wazungu waliokuja delta, huku mto unakojigawa kuingia baharini, kupiga bata na kuvua kwa kujifurahisha. Hao wa kujifurahisha ndio waliotupa kicheko. Mmoja wao, bwana wa mashamba ya mkonge, alinunua redio mbili nzuri mno, zinang'aa kama sahani za harusi. Alizijaribu nyumbani kwake, yeye barazani, mkewe jikoni, wakasikilizana vizuri sana. Akaja nazo delta. Mashua yake ilipopinda mkono wa kwanza wa mto, mikoko ikafunga nyuma yake, redio ikawa bubu. Alipiga kelele ndani ya kile kidude mpaka akakauka koo. Nahodha wake alitusimulia baadaye: "Nilimwambia, bwana, weka chini hiyo redio upige kelele hivyo hivyo kwa mdomo mtupu. Utasikika zaidi."

Funzo hilo mlichukue bure. Redio haijaribiwi barazani. Ijaribuni pale mnapokwenda kuitumia, katikati ya miti na maji, na ikiwezekana siku yenye mvua.

Lakini nataka kuwasimulia habari ya redio nyingine mbili, kwa sababu ndizo zilizonionesha Matimbwa alikuwa mtu wa namna gani.

Bwana Jivani mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kibiti. Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa bao. Rafiki yake katika bao alikuwa Mzee Mketo, fundi wa kuunda mitumbwi kule Mbuchi. Kila alipoleta mpunga wake Kibiti, wale wawili walikaa baraza ya dukani tangu adhuhuri mpaka magharibi, wateja wakajipimia chumvi wenyewe. Walikuwa wakitukanana kwa heshima kubwa. "Bwana Jivani, leo nakuacha na kaptura tu." "Mzee Mketo, hiyo nyumba yako nshaiona ina ufa."

Kisha gogo likamwangukia Mzee Mketo mguuni akiwa kazini. Mfupa uliunga vibaya. Akawa hawezi tena safari ya Kibiti, na nyinyi mnaijua safari ile: mtumbwi, tope, kisha mwendo wa miguu. Bwana Jivani alimwendea mara mbili. Alikuwa mtu mnene, na maji hayakumpenda. Kila mara alirudi amelegea kama nguo iliyofuliwa.

Siku moja akaja Zena, binti yake Mzee Mketo. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mume wake akikata mikoko. Alikuja kununua mafuta ya taa, na Bwana Jivani akamuuliza hali ya baba.

"Baba hasemi," Zena alijibu. "Akipewa chakula anakigusa tu. Lile bao lake kaligeuza kifudifudi, kaliweka uvunguni. Jirani wakija kucheza naye anasema hataki kucheza na watoto."

 Bwana Jivani alimpimia Zena mafuta yake, akaingia ndani. Jioni alikuja karakana akasimama mlangoni. "Fundi," alimwambia Matimbwa, "mtu anaweza kucheza bao kwa simu ya upepo?"

Mie nilicheka. Matimbwa hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri, akasema: "Sijapata kusikia. Lakini jeshini niliwahi kuongoza mizinga kwa simu hiyo hiyo. Kete haziwezi kuwa ngumu kuliko mizinga."

Leseni ya serikali ya kusemea redio ilichukua muda mrefu. Iliombwa Dar es Salaam, ikarudi na masharti: redio mbili, moja Kibiti na moja Mbuchi, kwa starehe ya mwenyewe tu. Marufuku kusema habari za biashara. Bwana Jivani asingeweza hata kuuliza bei ya mpunga. Alifurahi sana, akapanda lori kwenda mjini bila kutwambia, akarudi na redio mbili ndogo za mkononi, mpya, ukubwa wa chupa ya soda. Akaziweka mezani kwetu kama mtu aliyeleta mapacha.

Hapa ndipo nilipoanza kumwona Matimbwa vizuri. Fundi mwingine angesema, "Bwana, umetupa fedha." Yeye alizisifu. Alisema zimetengenezwa kwa mkono mzuri. Kisha akanipa moja. "Wee shika njia ya Ruaruke, nenda unahesabu kwa sauti. Mimi na Bwana Jivani tutakaa hapa tunakusikiliza."

Nikaenda nikihesabu kama mwendawazimu, kina mama njiani wakinipisha. Niliporudi nilimkuta Bwana Jivani ameshika shavu. Sauti yangu ilikuwa imekatika kabla hata sijafika mwisho wa mikorosho ya Kibiti. "Na hapo ni nchi kavu," Matimbwa alimwambia kwa upole. "Mbuchi ni mara nyingi ya hapo, na katikati kuna mikoko."  Bwana Jivani mwenyewe akazirudisha mjini.

Safari hii tulikwenda mjini wote watatu. Kulikuwa na mnada wa vitu vya jeshi vilivyobaki baada ya vita, na redio zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, za kijani, nzito, zimekunjamana kama kobe. Nitawaambia alivyochagua, nanyi mfanye hivyo hivyo hata leo.

Kwanza alizinusa. Redio iliyoungua ndani ina harufu, hata ikipakwa rangi mpya. Pili aliangalia vichwa vya parafujo. Vikiwa vimechubuka, ujue fundi mbaya ameshaingia humo kabla yako. Tatu alitikisa kila moja na kusikiliza kama kuna kitu kinacheza ndani. Kisha akaomba ziwashwe, akakaa juu ya sanduku akavuta sigara, akasubiri mpaka zikapata moto kabisa. "Redio baridi ni kama mchumba," alituambia. "Zote nzuri. Ngoja ipate moto ndipo uijue tabia." Mwisho, katika zile zote, alikataa moja iliyokuwa na nguvu kuliko nyingine, kwa sababu haikuwa na mwenzake. Alichukua mbili za namna moja, zinazofanana kila kitu, ili moja ikiugua afundishwe na nyingine ugonjwa uko wapi.

"Mbaya kama nini!" alisema Bwana Jivani alipoziona zinapakiwa.

"Mbaya sana," alikubali Matimbwa. "Hakuna atakayeziiba."

Kazi ya kuzisimika nayo ilikuwa shule. Mbuchi tulifunga waya wa eriali baina ya minazi miwili. Mimi nilitaka kuuvuta ukakamae. Matimbwa akanizuia, akapitisha ncha moja juu ya gurudumu dogo la mbao, akaning'iniza jiwe. Upepo ukija, minazi ikiinama, jiwe linapanda na kushuka, waya haukatiki. Waya wa ardhini tuliufungia bamba la shaba tukalizika kwenye tope la ukingoni, tope lenye chumvi, na redio ikasikia vizuri ajabu. Kibiti mchanga ulikuwa mkavu, kwa hiyo Bwana Jivani aliamriwa maji yote ya kunawia mikono yamwagwe pale pale kwenye bamba. Kila kiungo tukakipaka nta ya nyuki, maana chumvi ya delta inakula shaba kama panya anavyokula mihogo. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, na betri ilijazwa kwa kidude cha kukanyaga, mfano wa baiskeli isiyo na magurudumu.

Tulimfundisha Zena kuiendesha, kwa sababu Mzee Mketo alisema yeye hashiki kitu chenye moto ndani usioonekana. Zena alijifunza upesi. Mimi nilimwonesha jinsi ya kubonyeza anaposema na kuachia anaposikiliza, na kwamba mtu akimaliza aseme "ova" ili mwenzake ajue zamu yake imefika.

Siku ya kwanza ya mchezo haikuwa na mchezo. Mbuchi nzima ilikuwa imejaa uani. Bwana Jivani alisema, "Mzee Mketo, shikamoo. Ova." Mzee akaitikia, akamuuliza hali, na za nyumbani, na mke, na watoto, na mguu wa mkewe uliokuwa ukimuuma mwaka wa juzi, na mvua. Kisha akampa imamu, imamu akampa jumbe, jumbe akampa shangazi ambaye hakuwa na la kusema ila alitaka kusikia Mhindi anavyoitikia. Kabla kete moja haijasogea, betri ikafa.

Kesho yake Matimbwa akatoa sheria: "Anayetaka kusalimu akanyage kwanza." Salamu zikafupika mara moja. Watu wa Mbuchi wakaanza kusema, "Mie mpeni salamu tu, miguu inauma."

Sasa, bao lina mashimo thelathini na mawili, moja la kila upande likiitwa nyumba, na huwezi kumwonesha mtu shimo kwa kidole kupitia hewani. Kila mmoja alikuwa na bao lake na kete zote, akichezesha pande zote mbili, yake na ya mwenzake. Ilibidi mashimo yapate majina. Mzee Mketo ndiye aliyetoa shauri: "Tuyape majina ya vijiji, hatutasahau." Mashimo ya mbele yakawa Kibiti, Bungu, Ruaruke, Ikwiriri, Nyamwage, Utete, Mohoro, Mbuchi, kwa mfuatano huo, na ya nyuma yakaitwa hivyo hivyo pamoja na neno "nyuma". Kila siku baada ya sala ya alasiri wakakaa. Tulichagua saa hiyo kwa makusudi, kwani jua likishazama stesheni za mbali huingia na kujaza hewa kelele.

Mngemwona Mzee Mketo! Zena alitueleza kwamba sasa mchana anadai chakula mapema asije akachelewa. Akaanza tena kuchonga, amekaa, akitengeneza makasia. Matusi yao yakarudi yote. Miezi ikapita hivyo, na mimi nikadhani kazi yetu imekwisha.

Siku moja gari la serikali likasimama mbele ya duka. Akashuka afisa wa Kizungu, kijana, na askari mmoja nyuma yake. Ilikuwa miaka ile ambapo watu wameanza kukutana na kudai nchi yao, na serikali ilikuwa ikisikiliza kila mnong'ono. Afisa alipita dukani moja kwa moja mpaka baraza ya nyuma. Bwana Jivani alikuwa katikati ya mchezo, mimi na Matimbwa tuko pembeni.

Wakati ule ule sauti ya Zena ikatoka kwenye redio, wazi kabisa: "Baba anasema, ametoka Ruaruke, ameingia Nyamwage, amekula saba. Anaendelea Mohoro. Nyumba yenu imekwisha. Ova."

Afisa akanyosha mkono akaizima.

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kilichopigwa pasi. "Wiki nyingi tumesikiliza maneno haya," alisema. "Vijiji vinaingiwa. Watu wanaliwa. Nyumba zinakwisha. Nani huyu baba?"

  Bwana Jivani akaonesha tu bao.

"Hiyo naiona," afisa alisema. "Mtu akitaka kuficha maneno, ataweka kitu mbele yake." Kisha akamgeukia Matimbwa. "Wewe ulikuwa jeshini, idara ya simu."

"Ndiyo, bwana."

"Unajua maneno ya siri."

"Nayajua, bwana." Matimbwa alisimama wima, mikono ubavuni. "Ndiyo maana nakwambia haya si ya siri. Mtu mwenye siri hachagui majina ambayo hata wewe unayajua."

 Nilijua wa kufungwa kwanza hatakuwa Bwana Jivani mwenye duka. Atakuwa Matimbwa, askari wa zamani, na mimi nyuma yake. Na kule Mbuchi, Mzee Mketo alikuwa anangojea jibu ambalo haliji. Baadaye tuliambiwa alikaa pale mpaka magharibi akisema, "Jivani kakimbia! Kaona nyumba imeliwa, kakimbia!"

Matimbwa ndiye aliyetoa shauri. Alimwomba afisa ampeleke askari wake Mbuchi akae karibu na bao la mzee, na afisa mwenyewe akae hapa karibu na bao la Bwana Jivani. Mchezo uchezwe mwanzo mpaka mwisho kwa simu. Kisha mabao mawili yalinganishwe. Yakifanana shimo kwa shimo, ni mchezo. Yasipofanana, afanye analotaka.

Afisa akakubali. Redio zikafungiwa mpaka siku ya jaribio hilo.

Siku yenyewe ikaja na wingu. Radi ilikuwa mbali baharini, upande wa Mafia, lakini kila ikimulika redio ilikohoa. Matimbwa alisema tukisikia ngurumo imefika Ruaruke tutashusha waya, kwa sababu eriali juu na radi karibu ni kuita mauti. Nanyi likumbukeni hilo. Mchezo ukaanza vizuri. Afisa aliketi karibu, macho kwenye kete, akiuliza kila hatua: "Kwa nini hapa? Kwa nini asiende kushoto?" Bwana Jivani alikuwa akimjibu huku jasho linamtoka.

Katikati ya mchezo sauti ikazama. Zena alikuwa anasema kitu, tukasikia tu kama mafuta yanayokaanga. Bwana Jivani akaita mara tatu. Hakuna. Kosa moja hapo, kete moja katika shimo lisilo lake, mabao yangeachana njia na tungekwisha.

"Basi," afisa alisema, akaanza kuinuka.

Ndipo redio ikalia. Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa mlio mwembamba, mkali, unaopenya ile kelele kama sindano kwenye gunia. Ti, ti, ti. Kimya. Ti.

Matimbwa alitabasamu. Sijasahau tabasamu lile. "Shimo la tatu," alisema. "Kwenda kulia."

Zile redio mbaya za jeshi zilikuwa na kitufe cha kupigia kama cha telegramu ya posta, na mlio wake hupita mahali ambapo sauti ya mtu haipiti. Mimi nilimfundisha Zena kusema. Matimbwa, kila alipokwenda Mbuchi kukagua betri, alikuwa amemfundisha kupiga: shimo la ngapi, kisha moja kulia, mbili kushoto, na kurudia mara mbili ili kosa lijulikane. Hakumwambia mtu. Matimbwa akashika kitufe chetu, akapiga jibu la Bwana Jivani. Zena akapiga. Matimbwa akajibu. Dukani watu waliacha kununua wakaja kusimama mlangoni, sote tukisikiliza watu wawili wakicheza bao kwa milio, mmoja Kibiti, mmoja Mbuchi, na radi katikati.

Bwana Jivani akafungwa. Sijapata kumwona mtu aliyefurahi hivyo kwa kufungwa.

Afisa aliandika hesabu ya kila shimo, akakataza bao lisiguswe, na kesho yake tukaenda Mbuchi sote, Bwana Jivani naye, amejifunga kitambaa kichwani na kushika ndimu puani. Tulimkuta askari amelala kwa kuegemea nguzo, na Zena macho mekundu. Alikuwa amekesha akifukuza kuku wasipande juu ya bao.

Afisa alichutama akaanza kuhesabu. Shimo la kwanza, sawa. La pili, sawa. Akaenda, akaenda, akafika upande wa mzee, safu ya nyuma, akasita. Akahesabu tena.

"Katika hesabu yangu ni nne," alisema. "Hapa ni tatu."

Nilitazama chini. Bwana Jivani akashika mkono wa Mzee Mketo.

Lakini afisa hakuinuka. Aliendelea mpaka mwisho, yote mengine yakawa sawa. Kisha akahesabu kete zote za bao lile, moja moja, midomo ikicheza. "Sitini na tatu," alisema. "Ziwe ngapi?"

"Sitini na nne," Mzee Mketo alijibu.

"Basi mchezo ni sahihi. Kete moja imepotea." Akainua pembe ya mkeka mwenyewe. Hakuna. Zena akainua ya pili. Ikawa pale, imetoka, imekaa kando ya kinyesi cha kuku. Watu walipiga vigelegele mpaka askari akaamka akishika kofia yake.

Afisa akasimama, akakung'uta magoti. "Badilisheni majina," alisema. "Msiteke vijiji vyangu tena." Mashimo yakawa samaki: kolekole, changu, pono, na kadhalika. Na baadaye mtu akisikia hewani "nimemla kolekole," hakuna aliyekuja na gari.

Mchana ule wale wawili walicheza ana kwa ana. Tuliwaacha mkekani, tukarudi na afisa kwa mtumbwi, Bwana Jivani akisema atabaki siku mbili tatu, duka litajiendesha.

Tukiwa njiani, maji yamejaa, afisa alimgeukia Matimbwa. Alikuwa na haya kidogo, kama mtu anayeomba kitu ambacho hakustahili kuomba. "Fundi," alisema, "nami nataka redio. Si ya kazi. Ya jioni tu, ya kujifurahisha. Ninunue ipi?"

Mie nilifurahi kimoyomoyo. Mwezi ule hatukuwa na kazi ya maana, na mteja mwenye mshahara wa serikali alikuwa amekaa mbele yetu, anaomba mwenyewe. Nilikuwa tayari nimeshaichagua kichwani ile redio ya kumuuzia.

Matimbwa aliweka kasia lake magotini. "Utazungumza na nani, bwana?"

Afisa alifikiri. Aliangalia mikoko ya upande huu, akaangalia ya upande ule. Alikuwa kijana wa rika langu. "Sijui," alisema mwishoni. "Hapa hakuna mtu."

"Basi usinunue bado," Matimbwa alimwambia, polepole, kama mtu anavyomwambia ndugu yake. "Redio zipo nyingi, hazikimbii. Tafuta mtu kwanza."

Akachukua kasia, akaendelea kupiga maji.